Fundi Aliyekata Uzi kwa Meno

Habari hii nilipewa na fundi cherehani mwenyewe, msimu wa baridi uliopita. Nilikuwa nimesimama mbele yake, ananipima gauni. "Wasimulie na wengine, bibi," aliniambia, "ila usiache ile habari ya nta." Sitaiacha.

Mama huyu fundi alikuwa na chumba cha kushonea kando ya barabara. Humo mlikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi na kioo kirefu. Mkasi ulikuwapo pia, tena mkali. Lakini kila alipouhitaji, ulikuwa umejificha chini ya vitambaa. Basi fundi alikata uzi kwa meno. Alizoea hivyo tangu alipokuwa anajifunza kazi. Anavuta uzi, anauma, kap! Wala hakujijua kuwa anafanya hivyo.

Chini ya meza alicheza binti yake mdogo. Baba yake alimpa jina la Sisimizi, kwa sababu hakuacha kipande cha kitambaa kianguke bila kukibeba.

Siku moja fundi alikuwa anashona turubai. Uzi wa turubai ni mnene. Akauuma, ukagoma. Akauma tena kwa nguvu. Kap! Uzi ulikuwa mzima. Lililokatika ni jino lake la mbele, la juu, nusu nzima.

Fundi alijitazama kwenye kioo. Kisha akachukua nta nyeupe, ile anayopaka kwenye uzi ili upite vizuri. Akaifinyanga kwa vidole, akaibandika pale palipovunjika. Kwa mbali ilipendeza.

Kesho yake akaja mteja mmoja mwenye maneno mengi. Wakanywa chai. Chai ilikuwa ya moto, nta ikalainika, ikadondoka kikombeni. Mteja akachungulia.

"Fundi, siku hizi chai mnatia mshumaa?"

Fundi alicheka, lakini alicheka huku kiganja kiko mdomoni. Tangu siku hiyo kiganja kikawa kifuniko. Maji ya baridi yakimgusa jino, anaruka. Akiulizwa, anasema, "Niko sawa tu."

Mume wake alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Alirudi jioni na rangi kwenye nyusi, na kichekesho cha siku hiyo mfukoni. Zamani mke wake alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa alicheka kwa pua.

"Mke wangu, vichekesho vyangu vimechuja?"

"Havijachuja, baba Sisimizi. Endelea."

Jioni moja akawaeleza habari ya kuku aliyekanyaga rangi nyeupe, akaingia sebuleni kwa mwenye nyumba, akatembea juu ya zulia jekundu mpaka kwenye kochi.

"Mwenye nyumba akaniuliza, hiyo nayo nitailipia?"

Sisimizi alicheka sana. Lakini alipoanza tu kucheka, alijifunika mdomo kwa kiganja.

"Wewe," baba yake akasema, "mbona unajiziba? Meno yako yote yapo."

"Wakubwa wanacheka hivi," Sisimizi akajibu. "Mama anacheka hivi."

Baba akatazama sahani yake. Fundi alihisi kama sindano imemwingia kidoleni. Jino lililovunjika ni lake, lakini kicheko kilichofichwa sasa ni cha mtoto.

Asubuhi akaenda kwa kinyozi, jirani yake wa chumba cha pili na rafiki wa mume wake. Akaondoa kiganja mdomoni, akamwonyesha.

"Shemeji! Umekaa na hilo muda wote huo?"

"Naogopa kung'olewa. Mama yangu aling'olewa, pengo likabaki mpaka leo."

"Nani kakwambia utang'olewa?" Kinyozi akafungua mdomo wake wote. "Tazama. Moja humu limevalishwa kofia, gamba la kufunika jino lililovunjika. Nitajie ni lipi."

Fundi akachungulia kushoto, akachungulia kulia. "Hili?"

"Hilo nilizaliwa nalo."

"Basi hili."

"Shemeji, hilo ni chafu tu." Wakacheka wote wawili. Kinyozi akamwonyesha jino lenyewe. "Nilivunja nikifungua soda kwa meno. Nilikuwa nataka sifa. Nenda kliniki ya meno. Uliza bei mapema, uulize pia kama wana ile mashine ya kuchonga kofia hapohapo. Sisimizi mwache na mimi, atazunguka kwenye kiti changu."

Mume akafunga makopo yake ya rangi, akamsindikiza.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mpole. Kwanza alitazama jino, kisha akapiga picha ya eksirei, ile inayoonyesha mpaka mzizi.

"Una bahati, mama. Mzizi ni mzima, na kiini cha ndani kiko hai. Kingekuwa kimeoza, tungekitibu kwanza, na ungerudi zaidi ya mara moja. Na jino likimeguka kidogo tu, huzibwa, halihitaji kofia. Lako limebaki nusu. Linahitaji kofia."

"Hiyo kofia ni ya nini? Bati?"

"Kauri. Kama kikombe kizuri cha chai, ila ngumu zaidi. Nayo inafuata rangi ya meno yako."

Akamchoma sindano ya ganzi. Mdomo ukafa ganzi, ukawa kama wa mtu mwingine. Daktari akachonga jino pembeni kidogo, ili kofia ipate pa kukaa. Fundi alisikia mngurumo, maumivu hakuyasikia. Mume wake alimshika mguu muda wote, kwa kuwa mikono ilikuwa imeng'ang'ania kiti.

Kisha daktari akachukua kamera ndogo, nene kidogo kuliko kalamu. Akaipitisha juu ya meno, mbele na nyuma. Kwenye kompyuta meno yakatokea, makubwa, moja baada ya jingine.

"Mambo gani haya!" mume akasema. "Unampima bila futi?"

"Hii ndiyo futi yangu," daktari akajibu. "Zamani tungekupa udongo laini uuume, ili upate alama ya meno. Halafu tungeupeleka kwa fundi wa meno wa mbali, nawe ungesubiri siku nyingi. Sasa nachora jino kwenye kompyuta, na mashine hii inalichonga."

Akatia kipande cha kauri kwenye mashine. Maji yakaruka, visu vidogo vikazunguka. Kipande kikapungua, kikawa jino. Daktari akalichoma kwenye tanuri dogo ili likomae na kung'aa. Wao wakasubiri kwenye benchi.

Likapoa. Daktari akalijaribisha kabla ya kuligandisha.

"Uma polepole. Vipi, liko sawa?"

Fundi alitaka kusema ndiyo. Daktari alikuwa amehangaika, naye hakutaka kumsumbua. Lakini akawakumbuka wateja wake. Kuna wale wanaovaa gauni mbele ya kioo, linawabana kwapani, wanasema liko sawa tu. Kesho wanarudi wamenuna. Kila siku anawaambia, semeni sasa, nguo iko mikononi mwangu.

"Daktari," akasema kwa mdomo mzito, "nikiuma, hili linagusa kabla ya mengine."

"Asante kwa kusema. Ungenyamaza, lingekuuma wiki nzima, au lingevunjika." Akampa karatasi ya rangi aiume, akaona alama ilipokaa, akasugua kidogo. "Na sasa?"

"Sasa limekaa."

Ndipo akaligandisha, akampa kioo. Fundi akalitafuta jino lake jipya, asilione. Akamgeukia mume wake na kutabasamu. Yule bwana akatoa leso akajifuta macho, akasema ni vumbi la rangi.

"Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala," daktari akamwambia. "Pitisha uzi katikati ya meno. Na uje tulikague."

"Uzi tena!"

"Wa kusafisha, mama. Siyo wa kukata."

Jioni alimalizia upindo wa gauni. Mkono ukavuta uzi, ukaupeleka mdomoni wenyewe.

"Mama! Mkasi!" Sisimizi akapiga kelele kutoka chini ya meza. Alikuwa ameufunga mkasi kwa utepe. Fundi akainama, akavikwa utepe shingoni kama medali.

Walipomaliza kula, baba akairudia habari ya kuku. Safari hii akatembea kama kuku mwenyewe, mpaka kwenye kochi. Fundi akaangua kicheko, kichwa nyuma, mdomo wazi. Kiganja cha Sisimizi kilikuwa kinapanda. Akamtazama mama yake. Kiganja kikasimama njiani, kisha kikashuka, naye akacheka mpaka akaanguka mkekani.

Alilala palepale, meno nje. Baba yake naye akafuata, kwa uchovu wa kuwa kuku. Fundi akawafunika wote wawili, akapiga mswaki, akazima taa. Gizani akaligusa jino kwa ulimi, mara moja, kama anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha naye akalala.