Kikuchi wa Bwawa, Kikuchi wa Ardhi

TAARIFA YA MAREKEBISHO YA KASORO NDOGO YA MUHURI KATIKA DAFTARI LA VITU VILIVYOKWISHA KUTUMIKA. Nakala mbili, wino mweusi.

Hilo ni jina la karatasi moja tu, na karatasi yenyewe ni fupi kuliko jina lake. Inashughulikia alama nyekundu yenye upana wa punje ya mahindi. Kwa miaka ishirini na mitatu nimenunua, nimerekebisha na kuuza magitaa ya besi kwenye mteremko wa Ochanomizu, mtaa wa maduka ya ala za muziki, na sijawahi kumwona mtu akiijaza.

Jumanne ile, saa kumi na moja jioni, nilitoka dukani kwenda kununua muhuri.

Sababu ilikuwa ya kawaida. Anayeuza kitu kilichotumika lazima aandikwe daftarini: jina, umri, kazi. Kisha agonge muhuri wake, ule wenye jina la ukoo, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu. Alasiri hiyo mwanamke mmoja alikuwa ameniuzia besi na kuondoka bila kugonga. Nusu saa baadaye Afande Usami wa kituo cha polisi akapiga simu: kesho saa tatu asubuhi, ukaguzi wa daftari.

Mwanamke yule alivaa koti la kijivu na glavu moja tu, ya kushoto. Alinuka maji. Si ya mvua. Yale yanayobaki kwenye chombo cha maua makaburini baada ya wiki mbili. Besi yake ilikuwa nyeusi, haina jina la kiwanda, na mfuko wake ulikuwa umelowa kwa ndani ingawa jua lilikuwa limewaka siku nne mfululizo.

"Jina lako, mama?"

"Kikuchi."

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili nchini kwetu hulijua: Kikuchi yupi? Jina hilo huandikwa kwa herufi mbili. Ya kwanza ni ua, lile tunalowapelekea wafu. Ya pili ina njia mbili: kuna ukoo unaoandika "bwawa" na kuna ukoo unaoandika "ardhi". Masikioni hakuna tofauti hata chembe. Kwenye karatasi ni watu wawili.

Sikuuliza. Chai yangu ilikuwa inapoa.

"Na jina lako mwenyewe? Umri? Kazi?"

Alininong'oneza, karibu sana na sikio.

"Utajaza wewe, fundi. Wote hujaza."

Nilimwona mjuaji. Nilipoinua kichwa, alishateremka ngazi.

Basi nikaenda kwa Mzee Segawa, muuza karatasi na kalamu pale kwenye kona. Ana kile kinara cha kuzungusha chenye mihuri ya bei rahisi, kila ukoo na kitobo chake. Nilikizungusha. Kiiik... kiiik... Nikaanza na Kikuchi wa bwawa, kwa kuwa mwanamke yule alinuka maji; kitobo kilikuwa kitupu.

"Imeisha," alisema Mzee Segawa. "Mama mmoja kaichukua leo mchana. Yote saba."

"Mtu mmoja, mihuri saba?"

"Mimi nauza mihuri, bwana. Siulizi mtu ana mikono mingapi. Chukua wa ardhi. Afande hausikilizi muhuri, anautazama tu."

Nikachukua wa ardhi.

Sasa nimtaje Towako. Alikuwa muuzaji wetu pale dukani, miaka ishirini na sita, na kwenye simu alijitambulisha hivi kila mara: "Kikuchi hapa, wa ardhi, si wa bwawa." Mimi nilimwita Dada Ardhi kwa kumchokoza. Alipiga besi vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda ngazi zetu, na alijua, na nilijua. Jumamosi ya wiki hiyo alikuwa na majaribio ya bendi inayozunguka nchi nzima. Nafasi moja, wapigaji watatu. Kwa ajili ya saa hiyo moja alikuwa amefanya mazoezi miaka miwili, kila jioni, duka likifungwa. Mimi nilikwenda majaribio kama hayo nikiwa na umri wake. Niliambiwa asante kwa kuja.

Niliporudi alikuwa kwenye kiti chake kirefu, anapiga.

"Fundi, umefuata muhuri wa nani?"

"Wa pacha wako."

"Mwambie aje Jumamosi anishikie mkoba."

Nikafungua daftari. Palikuwa na visanduku vitatu vitupu. Kwa macho ya polisi kisanduku kitupu ni kosa, ila kisanduku chenye uongo ni ukaguzi uliopita salama. Nikaandika "Kikuchi" kwa herufi ya ardhi, ifanane na muhuri. Kisha, kwa kuwa sina kipaji cha kubuni watu, nikavuta kadi ya wafanyakazi na kunakili. Towako. Miaka ishirini na sita. Muuzaji. Nikagonga.

Wino ulichelewa kukauka. Nikaugusa. Ulikuwa wa baridi.

Jumatano Afande Usami alipitisha kidole chake kinene ukurasa mzima.

"Safi kabisa. Hakuna kisanduku chenye njaa."

Akanywa chai yetu, akasifu hali ya hewa, akaenda zake. Nami nikailaza ile besi mezani.

Kuiandaa besi ni kazi ya utulivu. Unabadilisha nyuzi. Unakaza kidogo kile chuma kilichofichwa ndani ya shingo, mpaka shingo ipate mkunjo wa unywele. Unapima kimo cha kila uzi. Halafu unapiga noti moja moja, freti kwa freti, vile vichuma vilivyokingama shingoni, ukitafuta mahali palipokufa. Karibu kila besi ina mahali kama hapo. Ni freti moja ambayo noti, badala ya kuvuma, inakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Mbao ndivyo zilivyo, na mteja huwa haambiwi.

Uzi wa kwanza, freti ya tano. Nikapiga.

*Dum.*

Ikafa. Baada ya kufa... tone la maji. Moja. Ndani ya mbao.

Upande wa pili wa duka kikombe kilianguka.

"Dada Ardhi! Kimevunjika?"

"Samahani, fundi." Alikuwa anakitazama kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto. "Kimekufa ganzi. Hivi hivi tu."

"Mazoezi mengi."

"Labda."

Nikageukia kazi yangu. Freti ya tano nilishaiwekea alama ya chaki. Nikapiga ya saba, ambayo dakika tatu kabla ilikuwa ikivuma kama kengele ya hekalu.

Ikafa. Tone.

"Ai!" Safari hii hakuangusha kitu. Alikuwa amekishika kidole cha pete kwa mkono wa kulia, anakikunja na kukikunjua kama kitu cha mtu mwingine. "Fundi... hiki nacho."

Mtu mwema angeacha hapo.

Mimi ni fundi, na fundi hapimi mara mbili tu. Nilisogeza mkono hadi freti ya tisa. Nikamwangalia kupitia kioo cha kabati ili asijue namwangalia. Nikapiga.

Kidole cha kati kililegea machoni pangu, taratibu, kama mshumaa juani. Harufu ya maji ya makaburini ikajaa duka zima.

Towako hakulia. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi kwa kuwasumbua wengine.

"Itapita," alisema. "Leo Jumatano tu."

Alhamisi nilikwenda kituoni. Sikukwenda kwa wema, sikuwa nimelala. Kila nilipofumba macho nilisikia tone. Afande Usami alinipa ile karatasi niliyoitaja mwanzo, akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za wajukuu.

"Miaka tisa hakuna aliyeiomba! Kasoro ni ipi?"

"Kikuchi. Nimeandika ardhi. Ni bwawa."

"Kitu kidogo. Muuzaji aje mwenyewe, ajaze kwa mkono wake, agonge muhuri. Siku kumi za kazi." Akasoma nakala ya daftari. "Kikuchi Towako. Aje yeye."

"Siye yeye, afande. Mwenye mali... jina lake silijui."

Aliiweka nakala chini. Kisha akainama dirishani, akateremsha sauti.

"Bwana Kuramochi. Kukosea herufi ni kasoro ndogo. Kuandika mtu aliyeuza wakati hakuuza, hiyo ina fomu nyingine. Hiyo huanza na leseni ya duka na kuishia kwa hakimu. Nikupe ipi?"

Nyuma yangu foleni ilikohoa.

"Nimekumbuka vibaya," nilisema. "Ni ardhi."

"Nilijua tu," alisema Afande Usami.

Niliporudi, Towako alikuwa amefunga vidole vyake vitatu kwa plasta yenye dawa, kimoja kimoja. Daktari alimwambia ni uchovu, apumzike. Alikuwa anajifunza upya wimbo mzima kwa kidole kimoja cha kushoto, cha shahada, kikikimbia shingoni huku na huko kama panya aliyefungiwa.

"Sikiliza, fundi. Mtu anaweza kudhani ni mtindo?"

Nikasikiliza. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma.

"Anaweza," nikamwambia.

Ningeweza kumweleza. Angekwenda kituoni, angesema sikuuza kitu, jina lake lingefutwa. Mimi ningepoteza meza yangu, spana zangu na dirisha langu linaloangalia mteremko. Niliyaweka haya kwenye mizani kwa muda wa kuivuta sigara moja. Haikufika mwisho.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo, taa za mteremko zikiwaka moja moja, nilisikia viatu vilivyolowa ngazini.

Tapu... tapu... tapu...

Alikuwa na koti lile lile. Glavu hakuwa nayo.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mkono wa msichana. Vidole vitatu vilikuwa na rangi ya uhai, na kwenye ncha zake vilikuwa na sugu ngumu, zile ambazo mtu huzipata kwa miaka miwili ya nyuzi nene. Kidole cha shahada peke yake kilikuwa bado cha kijivu, kimevimba, ngozi imenyauka kama ya aliyekaa majini.

Hakuniuliza. Aliichukua besi kutoka mezani, akakaa kwenye kiti kirefu cha Towako, akapiga. Freti ya tano. Ya saba. Ya tisa. Noti zote zilivuma. Zilivuma mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

"Umeandika vizuri," alinong'ona. "Wale wengine waliandika bwawa. Wakanirudisha bwawani humo humo, mara saba."

"Wewe ni nani?"

"Kikuchi." Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote. "Bado kidole kimoja, fundi. Utanipigia, au niende nacho hivi hivi?"

Akaniwekea besi magotini. Mbao zilikuwa za moto kama mtu mwenye homa.

Ghorofa ya chini nilimsikia Towako akimuaga mteja mlangoni kwa sauti yake ya kila siku: asante sana, karibu tena.

"Nikikataa?"

"Nitakwenda kituoni," alisema yule mwanamke, "nikajaze fomu."

Mlango wa chini ukafungwa. Viatu vya Towako vikaanza kupanda.

Nilipiga freti ya kumi na mbili.

Tone.

Viatu vikasimama katikati ya ngazi. Halafu sauti yake, ndogo, bado ya adabu:

"Fundi? Samahani... unaweza kuja kidogo?"

Nilipogeuka, kiti kirefu kilikuwa kitupu, kimelowa. Besi haikuwepo magotini mwangu. Daftarini, chini ya kabati, ule muhuri bado ni mwekundu na bado haujakauka. Mzee Segawa ananiambia mihuri ya Kikuchi wa ardhi nayo sasa haikai kitoboni siku mbili. Kuna mtu anainunua. Hamjui ni nani.

Towako alikwenda kwenye majaribio Jumamosi asubuhi. Alikaa kwenye kiti, akaweka mkono wa kushoto shingoni, na mkono haukushika. Walimwambia asante kwa kuja. Madaktari hawakuona ugonjwa wowote, na mkono huo haujasogea tangu hapo. Niliandika jina lake kwa uvivu, na noti ya mwisho niliipiga kwa hiari yangu.