Ndara za Ijumaa

"Tai, mzigo uko wapi?"

"Mguuni kwake."

Hudhaifa, afisa wa usalama aliyeitwa Tai kazini, alijibu kwa kunong'ona kwenye ukosi wa kanzu, palipofichwa kinasa sauti. Mbele yake, katika msongamano wa Chake Chake, Hafiz alikuwa akiwahi sala ya Ijumaa.

Hafiz alikuwa fundi wa kompyuta wa Ghala, kampuni ya kuhifadhi data. Kwa wiki kadhaa wawekezaji wa Dar walikuwa wakibahatisha: Ghala itainunua Kasha, mpinzani wake, au haitainunua? Hisa zilipanda kwa uvumi, zikashuka kwa uvumi. Jibu la kweli lilikuwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu aliyoiiba Hafiz kazini. Mnunuzi wake, mlanguzi wa hisa aitwaye Pieter, alisubiri karibu na msikiti, ndani ya Prado nyeupe. Akiipata kabla ya wengine, atawakamua wenye hisa wadogo wote.

Kadi ilikuwa ndani ya soli ya ndara ya Hafiz. Hudhaifa hakuambiwa na mtu. Utotoni, humo ndimo yeye na Hafiz walimoficha visenti vyao. Bi Asya, mama yake Hafiz, aliwanyonyesha wote wawili.

Ndugu wa ziwa moja.

Hafiz alivua ndara mlangoni. Nani ataiba msikitini? Lakini hofu ilimsahaulisha jambo ambalo kila Mpemba analijua: anayetoka kwenda kutia udhu hutia mguu kwenye ndara yoyote iliyo karibu, na hakuna anayemwita mwizi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile kilisali bega kwa bega na Hafiz.

Imamu alipotoa salamu, Hudhaifa aliinuka wa kwanza. Akaacha ndara zake, akavaa za Hafiz. Aliona aibu, aibu tupu, mlangoni pa nyumba ya Mungu.

Kwenye mabomba ya udhu alichana soli kwa kisu cha Victorinox.

"Mzigo ninao. Mtu tumwache?"

Sauti ya mkubwa wake ikajibu sikioni:

"Mchukue na mtu, Tai."

Hafiz alitoka mbio, amevaa zile alizozikuta. Alipomwona Hudhaifa, uso ukamchanua.

"Yakhe, kumbe weye ndo ulovaa ndara zangu! Roho ilikuwa yanitoka. Hebu nipe."

Hudhaifa alimshika mkono kama ndugu, akamwongoza hadi kwa maofisa wawili.

Pingu.

Prado ilinguruma. Land Rover ya maofisa ikaizibia njia, Pieter akashushwa mikono juu.

"Mama asijue," Hafiz alisema. "Ndugu yangu, nakuomba, mama asijue."

Wakaondoka naye, miguuni ana ndara za Hudhaifa. Zile zilizochanwa ziliingia kwenye mfuko wa ushahidi.

Simu ikaita. Bi Asya.

"Hudhaifa mwanangu, nshapakua pweza. Mu wapi nyie? Hafiz yupo na weye?"

"Naja, mama."

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akatembea peku juu ya lami ya moto, taratibu, kichwa juu. Waliompita walimwona mtu asiye na wasiwasi.

Hakutaka kufika.