Damu ya Siku ya Homa

"Mwaga huo uji! Umemtilia sumu mwanangu!"

Mama mkwe akalinyakua bakuli mkononi mwangu. Uji ukamwagwa uani, kuku wakaitwa waujaribu.

Wakala... Hawakufa. Wakabaki kulilia mwingine!

Lakini nani alijali?

Wajukuu zangu mnaosoma kwenye simu zenu, mie Asmahani nilikuwa bibi harusi mbichi. Ilikuwa mwaka hamsini na sita. Nilitoka kwetu Pongwe nikaolewa Maramba. Mume wangu Uweso alilelewa Tanga mjini kwa mjomba wake, tulipooana ndipo akarudi kwa mama yake kulima.

Chumba chetu kilikuwa cha udongo, kitanda kimoja chembamba.

"Lala wewe kitandani," aliniambia. "Mie mkeka wanitosha."

Huruma ile siisahau.

Kisha homa ikamshika. Kali! Anatetemeka, anaweweseka, hamjui mtu. Ikashuka, akainuka, akala. Tukashukuru. Halafu... ikarudi!

Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi, akanikazia macho.

"Sisi tuliozaliwa humu mbona hatuumwi? Haya yote tangu uje wewe!"

"Mama, mie sijui kitu. Tumpeleke akapimwe damu, sasa hivi!"

"Na homa hii? Mgonjwa anayewaka hatolewi nje, upepo utamwua! Ipoe kwanza."

Ndivyo walivyozoea. Ikapoa, akapelekwa dispensari kwa miguu yake mwenyewe.

Majibu? Damu safi. Hakuna mdudu.

"Mmesikia? Damu safi! Basi ni sumu!"

Mchana ule ule, mama yake na wajomba wamemzunguka, Uweso akanitazama.

"Asmahani... nimekuacha. Talaka tatu."

Sauti ilikuwa ndogo, jamani. Nikafunga kanga zangu.

Njiani mwili ukaanza kuwaka. Baba yangu, mzee Mwinyijuma, hakuniuliza habari ya talaka. Nilipofika Pongwe aliniona sioni mbele kwa homa, akanikimbiza hivyo hivyo hospitali Tanga.

Mpima damu alikuwa Mbondei, jina lake Timotheo. Kwanza alininywesha maji taratibu, ndipo akanitoboa kidole. Akaiweka damu kwenye kioo, akaipaka dawa, akainamia darubini yake.

"Mzee, njoo uone!"

Baba akachungulia. "Mbona kama vinywele vilivyojisokota?"

"Hao ndio wadudu wenyewe. Homa ya papasi. Homa ikishuka hujificha, huwaoni kwenye damu. Binti, ulikuwa ukilala wapi?"

"Chini. Mume wangu alipougua nilimpisha kitanda."

"Na yeye, kabla ya kuugua?"

"Chini... mkekani."

Akatikisa kichwa. "Papasi ni kupe wa kwenye nyufa za sakafu. Wenyeji wameumwa tangu utoto, miili imezoea. Wageni ndio wanaougua. Mpelekeeni habari mumeo, achomwe sindano kama hii nitakayokuchoma wewe."

Tukampelekea. Uweso akapona!

Akaja Pongwe na mama yake. Bi Mwanamkasi akanipigia magoti uani, machozi yanamtoka. Nikamwinua.

"Nimekuja kumchukua mke wangu," Uweso akasema.

Baba akamwita Maalim Idarusi.

"Mwanangu," Maalim akamuuliza, "ulipotamka, homa ilikuwa imekupanda? Kama hukuwa na akili zako, talaka haikupita."

Nikaomba kimoyomoyo. Sema ndiyo, Uweso. Sema ndiyo tu!

Bi Mwanamkasi akamkanyaga mguu. Baba akageuka akatazama ukuta, ili Uweso asimwonee haya akidanganya.

Uweso akauondoa mguu wake.

"Maalim," Uweso akasema huku analia, "siku ile homa ilikuwa imeshuka. Ndiyo siku niliyopimwa. Akili zangu nilikuwa nazo zote."

Basi. Tatu hazirudi hivi hivi.

Aliniachia mkeka mpya mlangoni, akaenda zake.

Wajukuu zangu, homa ikiwaka, mpelekeni mgonjwa akapimwe ikiwa inawaka. Msingoje ipoe! Na majibu yakisema hakuna kitu, rudini tena kabla hamjamtafuta mchawi jikoni.

Watu huniuliza kama namlaumu Uweso kwa kukataa uongo ule mdogo.

Leo simlaumu, namwombea dua.

Lakini siku ile... nilimlaumu mpaka nikakosa sauti.