Taa Iliyozimika Yenyewe

Kila asubuhi kabla ya shule Yaretzi alikuwa na kazi moja: kumsomea mama yake dashibodi. Mama Obdulia hakuona vizuri vitu vya karibu, na miwani yake siku zote ilikuwa imefukiwa chini ya kitu kingine. Basi mama akishawasha gari, Yaretzi, msichana wa miaka kumi na miwili, huinama na kutaja: "Petroli nusu. Joto sawa. Taa ya injini bado inawaka."

Taa hiyo ya rangi ya chungwa ilikuwa imewaka tangu Jumatano ya wiki iliyopita, na mama alikuwa akiilaani kila siku. Ijumaa ilikuwa mwisho wa mwezi, na siku hiyo ndiyo stika ya gari, kibali cha kutembea barabarani, ingeisha muda wake. Huko California gari kuukuu halipewi stika mpya mpaka moshi wake upimwe na ufaulu. Bila stika, polisi angemsimamisha mama barabarani. Bila gari, asingefika kwenye banda la kupakia zabibu, maili ishirini nje ya Fresno, ambako zamu huanza saa tatu asubuhi na anayekosa, nafasi yake hupewa mtu mwingine.

Jumatatu hiyo Yaretzi aliinama, akaitazama dashibodi mara mbili.

"Wee, umelala?" mama aliuliza.

"Taa imezimika, mama."

"Nilijua! Jana kanisani nilimwomba Bikira Maria kwa machozi. Leo leo tunakwenda kupima!"

Yaretzi aliyaheshimu maombi ya mama yake, lakini hakuwahi kuona chombo kikijiponya. Friji yao ilikuwa na kikohozi tangu Krismasi na bado ilikohoa. Aliitazama dashibodi njia nzima, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Jioni walikwenda kwenye kituo cha kupimia moshi. Mpimaji, dada mmoja mwenye glavu nyeusi, alichomeka waya chini ya usukani, akasoma mashine yake, kisha akaichomoa.

"Limekataliwa," alisema.

"Limekataliwaje? Taa si imezimika?" mama alishangaa.

"Imezimika kwa sababu kumbukumbu ya gari imefutwa, mama. Gari hujipima lenyewe linapotembea, na matokeo huyaweka humo. Humu hamna kitu, ni peupe. Kuna mtu amefuta."

"Nani?"

"Hilo silijui. Hapa tunapima tu, hatutengenezi." Akampa karatasi, akaita gari lililofuata.

Ndani ya gari mama alipiga usukani kwa kiganja. "Ni yule Evaristo! Jumamosi alibadilisha oili. Nani mwingine amegusa injini?"

Yaretzi alikumbuka. Jumamosi alimwona fundi Evaristo kichwa chake kikiwa chini ya usukani kwa muda mrefu. Mtu wa kubadilisha oili anatafuta nini chini ya usukani? Kadiri alivyofikiri, ndivyo fundi alivyozidi kuwa na macho ya ujanja.

Kesho yake shuleni alimweleza binamu yake Brisa.

"Mafundi ndivyo walivyo," Brisa alisema, akitafuna embe lenye pilipili. "Anakuharibia ili urudi kwake. Tapeli mkubwa!"

"Ndiyo, tapeli," Yaretzi aliitikia. Kufikia kengele ya mwisho, darasa zima lilikuwa na habari kwamba fundi Evaristo anafuta kumbukumbu za magari ya watu. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa fundi. Alimtazama Yaretzi mara moja tu, kisha akageuka.

Jioni hiyo mama aliingia gereji kama upepo. "Mzee Evaristo, umenifanyia nini?"

Fundi, mzee mfupi mwenye masharubu meupe, alifuta mikono kwa kitambaa. "Habari za jioni kwanza, mama Obdulia. Nimefanya nini?"

Mama alimwonyesha karatasi ya kituo. Mzee aliisoma yote bila haraka.

"Risiti yangu ya Jumamosi iko wapi?"

Ilikuwa kwenye kisanduku cha mbele ndani ya gari. Yaretzi ndiye aliyeitoa. Chini, kwa herufi kubwa, fundi alikuwa ameandika: TAA YA INJINI INAWAKA. NIMESOMA: MVUKE WA PETROLI UNAVUJA. MTEJA ARUDI TUTAFUTE.

"Nilichomeka kifaa chini ya usukani nikasoma bure, kwa kuwa taa ilinikera macho," alisema. "Uliondoka hapa inawaka. Sasa nami nina swali. Jumapili gari lilikuwa na nani?"

Mama aligeuka kulitazama gari. Jumapili gari huwa na mjomba Fermin, mdogo wake mama. Kila Jumapili huliazima kwenda kununua barafu na nyama ya kuchoma.

Yaretzi hakusubiri. Alilizunguka gari polepole, akitazama kila kitu kana kwamba si lao. Kwenye tangi la petroli alisimama. Kifuniko chao kilikuwa na maandishi ya njano na kamba iliyokishikilia. Hiki kilikuwa cheusi kitupu, bila kamba. Alikizungusha kukaza. Kilizunguka tu, bila ule mlio wa *tak-tak* wa kushika. Harufu ya petroli ikampanda puani.

"Fundi," aliita, "hiki si chetu."

Mzee alikuja, akanusa, akacheka kidogo. "Basi hapo ndipo mvuke unapovujia. Binti, una jicho."

Sifa hiyo ilimchoma Yaretzi kuliko tusi.

Walimkuta mjomba Fermin nyumbani kwao, amekwisha kujipakulia maharage. "Karibuni kwenu!" alitania. "Mbona nyuso za mazishi?"

"Mjomba," Yaretzi alisema, "kifuniko chetu cha tangi kiko wapi?"

Kijiko kilisimama hewani. "Kifuniko gani? Mtoto huyu siku hizi polisi?"

"Fermin," mama alisema kwa sauti ya chini. Na mama akisema kwa sauti ya chini, hata mbwa wa jirani hukaa.

Mjomba alitazama sahani yake. "Nilikisahau juu ya gari kituo cha petroli, Jumapili ya kabla ya hii. Kikaanguka njiani. Nikachukua kingine kwenye magari mabovu kazini. Taa ilipowaka, niliona aibu. Jumapili hii nikaazima kifaa kwa rafiki, nikafuta. Nilidhani nakusaidia, dada."

"Umenisaidia kukosa kazi!"

Usiku huo mjomba hakula nyama wala maharage. Jumatano asubuhi alinunua kifuniko kipya, naye fundi Evaristo akampa maelekezo: gari liwashwe likiwa baridi, tangi lisijazwe, liende barabara kuu kwa mwendo uleule bila kusimama, kisha lirudi kwa kuzunguka mjini. "Kumbukumbu haijazwi kwa maneno," alimwambia. "Inajazwa kwa kutembea."

Mjomba aliliendesha alfajiri, kabla mama hajaenda kazini, Alhamisi na Ijumaa, bila redio, kana kwamba amebeba mayai. Mama hakuamini mpaka Yaretzi aende naye na kuhesabu dakika.

Ijumaa alasiri fundi alichomeka kifaa chake kwanza. "Hakuna kosa. Vipimo vimekamilika, isipokuwa kimoja cha mvuke wa tangi, na hicho kimoja sheria inakisamehe. Nendeni kabla hawajafunga."

Dada wa glavu nyeusi alichomeka, akasubiri, akatoa karatasi. Gari lilikuwa limefaulu. Mama aliibusu karatasi, akambusu na yule dada ambaye hakuwa tayari.

Walirudi gereji kushukuru. Mama aliomba radhi, akaenda kumwita Fermin aje naye aombe. Yaretzi alibaki amesimama, akichezea mkanda wa begi.

"Fundi, nilisema shuleni kuwa wewe ni tapeli."

"Najua. Mjukuu wangu alirudi akilia."

"Leo nimesimama mbele ya darasa nikasema nilikosea. Brisa amenicheka."

Mzee alivuta kiti, akakaa ili macho yao yalingane.

"Kushuku si kosa, binti. Mimi ninakula kwa kushuku. Lakini nikikishuku chombo, sikitupi kabla ya kukipima. Wewe ulinitupa bila kunipima. Na mjomba wako ana kosa lake: alimziba mdomo shahidi, ile taa, akadhani kesi imekwisha. Ukiona taa inawaka, kwenye gari au moyoni mwako, usiizime na usimsingizie mtu. Tafuta inakotoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya. Mjukuu wangu yuko nyuma ya gereji. Darasa limekwisha kusikia, yeye bado hajaambiwa peke yake."

Yaretzi aliliweka begi chini, akaenda.