Mapigo Kwenye Injini Iliyozimwa

Jumanne, saa nne asubuhi, pikapu ya Emilian ilifika gereji ya Damas, Kanyenye, ikivutwa na trekta. Ilikuwa imezimika kwenye barabara ya zamani ya misafara, Emilian akitoka shambani.

"Imekata tu, fundi. Kama mtu aliyesusa."

Damas alichomeka mashine ya kupima hitilafu za gari kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Ilikuwa ya bei ndogo, ameiagiza Dar kwa simu. Kioo kilibaki cheusi.

"Na yako imesusa," alisema Levina, mkewe, aliyeuza chai hapo gereji. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika.

"We subiri."

Damas alibadilisha fyuzi ya kiberiti cha sigara, ambayo ndiyo huipa soketi ile umeme. Kioo kikawaka, kikaonyesha hitilafu ya silinda ya tatu. Akafanya kama mafundi wengi wafanyavyo: akafuta hitilafu kabla ya kutafuta chanzo. Chini ya boneti ukasikika mguno, kama wa mtu anayehamisha mzigo bega hadi bega.

Akachomoa ufunguo. Namba hazikupotea. Joto la injini, thelathini na saba. Mizunguko kwa dakika, sabini na mbili.

"Injini haizunguki hivyo," Damas alisema kwa sauti ya chini. "Na hii imezimwa."

"Ni mapigo ya moyo," Levina akanong'ona. "Kliniki ndivyo wanavyonihesabia."

Harufu ya jasho ilitanda, jasho la watu wengi. Damas akaona jiwe ndani ya pikapu, sehemu ya mizigo.

"Hili umelitoa wapi?"

Emilian alitazama chini. Njiani kuna rundo la mawe juu ya kaburi la wapagazi waliofia safarini, na kila apitaye huongeza jiwe moja. Yeye alitoa moja kuzuia tairi alipopata pancha, kisha akalitupia garini.

"Niliona ni jiwe tu, fundi."

Emilian akaenda kumwita Bi Tatu, mganga wa Mtendeni. Bibi alipofika, mashine hakuitazama.

"Shikamoo, bibi," Damas alisema.

"Marahaba. Nani kamfukuza huyu mpagazi?"

"Hakuna. Nimefuta tu hitilafu."

"Ndiyo kumfukuza huko! Hata mgeni mlangoni huulizwa jina na shida yake. Akifukuzwa hajaulizwa, huingia kwa aliye karibu. Sasa msiguse kitu. Nafuata ubani. Nitamwuliza, kisha jiwe lirudi kwao."

"Na sisi tufanye nini?"

"Mkae mbali. Hilo nalo linahitaji ufundi?"

Bi Tatu alipoondoka, Levina alikumbuka vikombe vyake alivyoviacha pembeni ya boneti.

"Levina, acha!"

"Vikombe tu, Damas."

Akainama kuviokota, na namba kwenye kioo zikaanza kupanda, mia, mia na ishirini, mia na arobaini, mapigo ya mtoto aliye tumboni, na Levina akashika tumbo kwa mikono miwili akisema amekuwa mzito, mzito mno, na ule mguno ukasikika tena, safari hii si chini ya boneti bali palepale aliposimama, na Damas, ambaye hakuwaza ubani wala Bi Tatu bali mtoto wake peke yake, akaibana ile mashine kifuani na kubonyeza kufuta, na mashine ilipouliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo.

Namba zikashuka hadi sifuri. Pikapu ikawaka bila ufunguo, ikanguruma vizuri.

"Damas," Levina alisema. "Ametulia."

"Nani?"

Levina alibaki ameshika tumbo.

Hospitalini, muuguzi alisikiliza tumbo kwa muda mrefu, akaita mwenzake naye asikilize. Jumatano mchana Levina alijifungua mtoto wa kiume. Hakuwa na pumzi. Mkunga alipomwosha aliwaita Damas na Bi Tatu, aliyewafuata hospitalini, waone bega la kushoto. Lilikuwa na sugu nene, ya mtu aliyebeba mizigo miaka mingi.