Bado Tuko Juu ya Ziwa

Mutesi, fundi wa nguo wa Biryogo, kitongoji cha Nyamirambo, si mtu wa kubabaishwa na mambo ya uchawi. Mwiko mmoja tu aliurithi kwa bibi yake, na huo aliushika kwa moyo wote: mtu akisafiri, nyumba haifagiliwi mpaka afike. Ukifagia unamfutia nyayo, na asiye na nyayo hana pa kutua.

Asubuhi ile mumewe, Silvère, alipanda ndege uwanja wa Kanombe kwenda Entebbe. Safari yenyewe fupi. Kilomita kama mia tatu na arobaini, saa nzima haiishi. Soda hujaimaliza, mnaambiwa mfunge mikanda. Mutesi alimkumbusha binamu yake Scovia, ambaye yeye Mutesi alimpa hifadhi nyumbani kwake na kumfundisha cherehani: "Leo ufagio usiguse, sha." Kisha akaenda kununua nyuzi.

Aliporudi, ua uling'aa. Hata kizingiti kilikuwa kimepigwa deki.

"Nimekusaidia kazi," Scovia alisema, macho kwenye cherehani.

Mutesi alimeza hasira. Huyu ni damu yake, labda amesahau. Akatazama saa. Ndege ilipaswa kuwa imeshatua. Simu ikalia.

"Tuko juu ya ziwa," Silvère alisema. "Ndege iko karibu kushuka."

Akashusha pumzi. Imechelewa tu. Wala hakujiuliza mtu aliye hewani anapata wapi mtandao.

Mchana akampigia Norman, shemeji yake aliyekwenda kumpokea Silvère kule Entebbe. Abiria walikuwa wameshatoka zamani. Begi la Silvère lilizunguka peke yake kwenye mkanda wa mizigo. Mwenyewe hayupo.

Simu ikalia tena.

"Bado tuko juu ya ziwa." Sauti ilikuwa imekauka. "Viti viko tupu. Mutesi, nani amefagia?"

Akageuka. Scovia alikuwa amesimama nyuma yake, karibu mno.

"Alinichumbia mimi kwanza," Scovia alinong'ona. "Kule Bujumbura. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Miaka yote walikula sahani moja, watatu, na wawili kati yao walijua. Mutesi alihisi kama amevuliwa nguo hadharani.

"Mrudishe. Nakuomba, Scovia."

"Siwezi. Nilifundishwa kufagia tu."

Alisema hivyo huku akilia. Mutesi alimchukia zaidi kwa yale machozi.

Jioni hiyohiyo Scovia aliondoka, na hadi leo Nyamirambo nzima hakuna aliyemwona. Simu ya Silvère haikulia tena. Haipatikani.

Wiki iliyofuata, Mutesi aliona alama darini, juu ya kitanda. Viganja viwili. Kimoja kilikuwa na duara dogo, pale pete ya ndoa inapokaa. Akapaka rangi. Vikarudi. Akapaka tena.

Vikarudi.

Juzi ndege ilipita juu ya mtaa ikienda kutua Kanombe. Mutesi akapanda kiti, amejaa maneno ya kumtukana yule mwanamume kwa siri aliyomficha. Akaweka viganja vyake juu ya vile vya darini.

Vilikuwa na joto.