Pumzi ya Tangi la Nne

Jua lilikuwa linazama Shangazi alipotumwa kushika kamba. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kukaa kwenye mdomo wa tangi la nne la kiwanda cha mafuta ya kupikia, kibarua waliyemwita Mrefu ashuke kukwangua mashapo, naye asiiachie kamba iliyofungwa kifuani mwa Mrefu. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kiwandani. Walimzoea hivyo, naye akaitika.

Miezi kumi nyuma, kaka yake alikufa ndani ya tangi hilo hilo. Alimwona mwenzake ameanguka, akaingia kumtoa. Zikatolewa maiti mbili. Msimamizi akasema ni jini. Akaletwa mganga, akafukiza, akafunga kitambaa cheusi kwenye mfuniko, kazi ikaendelea. Kipima hewa kilikuwepo siku zote. Kilifungiwa kabatini ofisini, kikatolewa siku za wakaguzi tu.

"Kwa hiyo leo jini yuko likizo?" Shangazi alimwuliza msimamizi.

"Alishafukuzwa. Mshushe mtu, mama, giza linaingia."

"Kipima hewa kiko wapi?"

"Mwenye ufunguo kaondoka."

"Basi washa feni."

"Mdomo wako ungekuwa mashine, tungekamua alizeti bila umeme."

"Na wako ungekuwa feni, kaka yangu angekuwa hai. Washa."

Akawasha, shingo upande. Mrefu akacheka, akaukunja urefu wake wote, akapenya tunduni. "Jini akiniuliza, Shangazi, nitasema umenituma wewe."

Kamba ikateremka. Mvuto mmoja ulikuwa swali. Mvuto mmoja ulikuwa jibu: mzima. Akavuta. Akajibiwa. Akavuta tena. Akajibiwa. Harufu ya mafuta yaliyooza ilipanda, ikamkaa kooni.

Kisha feni ikanyamaza.

Akavuta.

Kimya.

Akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba ilikuwa nzito, kama imefungwa kwenye gogo. Aliita mpaka sauti ikamkauka... Mara ikalegea. Kichwa cha Mrefu kikachomoza, midomo imekuwa rangi ya majivu. Akamkamata makwapani, akamburura nje, wakaanguka pamoja.

"Nani amezima?"

Msimamizi alikuwa amesimama kando ya swichi, simu mkononi. "Bosi alipiga. Feni ina kelele, nilikuwa simsikii."

Shangazi alimgeukia Mrefu, akamlaza ubavu.

Mrefu alitapika, akapangusa mdomo. "Yule mwenzangu ametoka?"

"Mwenzako yupi?"

"Aliyekuwa chini yangu... Miguu iliisha nguvu, nikakaa. Akanibeba mabegani. Akawa ananiambia, panda, usikae, panda."

Msimamizi alirudi nyuma hatua moja. "Si niliwaambia? Jini huyo."

"Kama ni jini," Shangazi alisema, "basi amekushinda utu."

"Funga mfuniko," msimamizi aliamuru.

Ngo.

Chuma kiligongwa kutoka ndani.

Ngo... ngo.

"Dada."

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kusumbua, kama kaka yake alivyokuwa akiomba maji nyumbani. Kabla hajajitambua, Shangazi alikwisha kushika ngazi, mguu mmoja ndani. Hewa ya shimo ikamgusa uso. Kichwa kikamzunguka. Ndivyo alivyokufa marehemu: alimhurumia mtu, akaingia.

Akautoa mguu, akilia.

"Washa feni."

"Humo hamna mtu."

"Washa."

"Mama, bosi nitamwambia nini? Napulizia tangi tupu?"

"Mwambie kuna mtu ulimnyima pumzi."

Mrefu, angali amelala chini, alimkazia macho tu. Msimamizi akabonyeza swichi.

Feni ikaunguruma. Kugonga kukakoma. Na juu ya kelele zile, kutoka mdomoni mwa tangi, wote watatu wakasikia mtu anavuta pumzi. Moja tu. Ndefu.

Walipofika getini, pumzi ile ilikuwa bado haijaisha.